“Where is he?” au “where he is”? Namna ya kuchagua mpangilio wa maneno katika maswali ya Kiingereza

Tazama sentensi hizi mbili:

“Where is the bank?”
“Could you tell me where the bank is?”

Zote zinataka kujua benki iko wapi. Kinachozitofautisha ni mahali lilipokaa neno “is”. Katika ya kwanza limetangulia benki. Katika ya pili limerudi nyuma hadi mwisho wa sentensi. Mtu aliyekuja kwenye Kiingereza akitokea Kiswahili huandika bila kusita “Could you tell me where is the bank?”, kisha hushangaa mwalimu anapopiga mstari mwekundu, maana hakuna neno hata moja lililokosewa. Kilichokosewa ni foleni ya maneno.

Kosa hili lina asili yake, na asili hiyo ni lugha yetu wenyewe. Kiswahili hakigusi mpangilio wa maneno mtu anapouliza. “Anataka nini?” ni swali kamili. Ukilitia ndani ya sentensi nyingine unapata “Sijui anataka nini”, na hakuna neno lililohama. Kwetu neno la kuuliza na sauti vinatosha. Kiingereza hakitosheki na hivyo. Kinalipa swali alama ya ziada, yaani kupindua: kitenzi kisaidizi kinaruka mbele ya kiima. Kisha kinaiondoa alama hiyo mara tu swali linapobebwa na sentensi nyingine.

Vitabu vya shule huziita aina hizi swali la moja kwa moja na swali lisilo la moja kwa moja. Ili nisirefushe mambo, hapa nitasema swali la wazi kwa lile linalosimama lenyewe, na swali la ndani kwa lile lililobebwa na maneno kama “I don't know”, “She asked me”, “Do you remember” au “Could you tell me”.

Kupindua ni mara moja

Sentensi ya Kiingereza hupinduliwa sehemu moja tu, na sehemu hiyo ni ile ya nje. Katika “Could you tell me where the bank is?”, upinduzi umeshafanyika pale mwanzoni, “could you”. Ukiandika tena “where is the bank” umepindua mara mbili. Katika “I wonder where he is.” hakuna upinduzi wowote, kwa kuwa sentensi ya nje ni maelezo: mtu anasema anachojiuliza. Ndiyo maana inaishia kwa nukta. Wengi huiwekea alama ya kuuliza kwa kuwa wanasikia swali ndani yake, lakini alama hufuata sentensi ya nje. “Do you know where he is?” inapata alama ya kuuliza, “I don't know where he is.” inapata nukta.

Weka mifano kadhaa ubavu kwa ubavu, wazi kwanza, ndani baadaye:

“What time is it?” / “Do you know what time it is?”
“How old is your daughter?” / “May I ask how old your daughter is?”
“When will the results be out?” / “I'd like to know when the results will be out.”
“Why are they crying?” / “Nobody knows why they are crying.”

Jambo dogo la kuangalia hapo: kitenzi kikishafika mwishoni hakifupishwi. “Where's the bank?” ni sawa kabisa, lakini “I don't know where he's” au “Do you know what it's?” hazipo katika Kiingereza cha mtu yeyote. Sema “where he is”, “what it is”, na uliweke neno zima.

“Do” inakwenda wapi?

Penye “do”, “does” na “did” ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu hapa kazi ni mbili: kuondoa neno, na kurudisha mahali pake kile lilichokuwa limekibeba.

“Where does she live?” / “Do you know where she lives?”
“When did the bus leave?” / “Can you tell me when the bus left?”

“Does” ilikuwa imebeba ile “s” ya nafsi ya tatu. Ikiondoka, “s” inarudi kwenye kitenzi: “lives”. “Did” ilikuwa imebeba wakati uliopita. Ikiondoka, wakati unarudi: “left”. Anayekumbuka kazi ya kwanza na kusahau ya pili huandika “Do you know where she live”, na anayesahau zote mbili huandika “Do you know where does she live”.

Inasaidia kujua kwamba “do” hii ni mgeni katika maswali. Huko Uingereza, miaka ya 1600 ilipokuwa inaanza, watu walisema “What say you?” na pia “What do you say?”, na zote zilikubalika. Baadaye “do” ikashika maswali ya wazi karibu yote yasiyo na kitenzi kisaidizi kingine. Katika swali la ndani haikuhitajika, kwa kuwa hapo hakuna cha kupindua. Ni kama kibarua aliyeajiriwa kwa kazi moja: kazi isipokuwepo, hana sababu ya kuonekana kazini.

Isipokuwa kwenye ukanushi. “Why doesn't he eat meat?” ikiingia ndani inakuwa “I don't know why he doesn't eat meat.” Hapa “does” inabaki kwa sababu “not” inaihitaji, lakini inahamia nyuma ya kiima kama kitenzi kisaidizi kingine chochote.

Kipimo kilichomo ndani ya Kiswahili

Nilisema Kiswahili hakipindui, na ni kweli. Lakini tunacho kitu kingine ambacho wanafunzi hawaambiwi wakitumie, na naamini kinafaa kuliko kukariri kanuni. Tunazo njia mbili za kubeba swali ndani ya sentensi. Ya kwanza hutumia neno la kuuliza: “Sijui anakwenda wapi.” Ya pili hutumia kirejeshi: “Sijui anakokwenda.” Vivyo hivyo “Niambie unataka nini” na “Niambie unachotaka”, au “Nionyeshe mashine hii inafanyaje kazi” na “Nionyeshe mashine hii inavyofanya kazi”.

Sasa linganisha hiyo njia ya pili na Kiingereza:

anakokwenda: “where he is going”
unachotaka: “what you want”
inavyofanya kazi: “how it works”
siku aliyoondoka: “the day he left”, au “when he left”

Kwa hiyo kipimo ni hiki. Kabla hujaandika, jaribu kuisema sentensi yako kwa Kiswahili ukitumia kirejeshi. Kikikaa vizuri, Kiingereza kinataka mpangilio wa maelezo, kiima kwanza. Kisipokaa, uko kwenye swali la wazi na unapaswa kupindua. Mtu hamsimamishi mwenzake njiani na kumuuliza “Unakokwenda?” Hilo si swali, linaning'inia, linangoja kitu. Ndivyo “Where you are going?” inavyoning'inia kwenye sikio la Mwingereza.

Kipimo hiki kinatibu na ugonjwa wa pili, ambao huwapata hasa waliokwisha fundishwa swali la ndani. Wakishaambiwa wasipindue, wanaacha kupindua kila mahali: “Why you are late?”, “What you want?”, “When he will come?” Zote hizo zimesimama peke yake, hakuna sentensi iliyozibeba, na kirejeshi hakiwezi kukaa hapo. Pindua: “Why are you late?”

Kuna mahali kipimo hiki hupotosha. Kiswahili kinasema “Hujui ilivyo mbali”, na anayefuata neno kwa neno ataandika “You don't know how it is far”. Kiingereza hakikubali kutenganisha “how” na sifa yake. “How far”, “how old”, “how many people”, “what time”, “which bus” ni vifurushi; hutangulia vikiwa vizima, ndipo kiima kinafuata: “You don't know how far it is.” Kwa hiyo kama swali lako ni la kiasi, umri, idadi au bei, funga kifurushi kwanza, kisha endelea. “I asked how much the fare was”, siyo “how the fare was much”.

Pasipo kitu cha kuhamisha

Kuna maswali ambayo hayabadiliki yakiingia ndani, na ni vizuri kuyatambua usije ukayaharibu kwa juhudi. Neno la kuuliza likiwa ndilo kiima, mpangilio tayari ni wa maelezo. “Who broke the window?” inakuwa “Do you know who broke the window?” “What happened?” inakuwa “Tell me what happened.” Kirejeshi kinathibitisha: aliyevunja dirisha, kilichotokea. Mtu mwenye bidii nyingi huandika “Tell me what did happen” au “Tell me what wrong is”. Sahihi ni “what happened” na “what's wrong”.

Penye “be” na majina pande zote mbili, kama “what is the best way to get there”, utasikia Waingereza wenyewe wakisema “I asked him what was the best way to get there”. Wana haki, maana “what” na “the best way” kila kimoja kinaweza kuhesabiwa kuwa kiima. Kiima kikiwa kirefu sana, kukisukuma “is” hadi mwisho huchosha masikio. Kwenye mtihani, hata hivyo, chagua “what the best way was”. Hakuna msahihishaji atakayelikata.

“If” au “whether”?

Swali la ndiyo au hapana likiingia ndani linahitaji daraja, kama sisi tunavyotumia “kama” au “iwapo”. “Is he at home?” inakuwa “I don't know if he is at home” au “I don't know whether he is at home”. Katika mazungumzo “if” ndiyo ya kawaida. Katika barua rasmi na insha “whether” inapendeza zaidi. Lakini kuna sehemu tatu ambapo huna hiari, “whether” peke yake ndiyo inayokubalika: kabla ya “to”, kama “I can't decide whether to go”, baada ya kihusishi, kama “It depends on whether he agrees”, na kwenye kichwa cha sentensi, kama “Whether he comes or not is his business.”

Sehemu ya nne si ya sarufi bali ya maana, na ndiyo yenye madhara kwenye kazi. Chukua mwandaaji wa mkutano anayewaandikia wageni “Let me know if you need a room.” Msomaji mmoja ataelewa: ukihitaji chumba, nijulishe, usipohitaji, kaa kimya. Mwingine ataelewa: nijulishe kama unahitaji chumba au la, yaani majibu yanatakiwa kwa vyovyote. Mwandaaji aliyekuwa anangoja majibu ya kila mtu atabaki na orodha yenye mapengo. “Let me know whether you need a room” inaondoa utata huo. Kiswahili kinazitenganisha hizi mbili bila shida, kwa “ukihitaji” na “kama unahitaji”, kwa hiyo jiulize unamaanisha ipi kabla hujachagua neno la Kiingereza.

Utengano huo huo unajibu fumbo jingine. Shuleni tunafundishwa kwamba baada ya “if” haiwekwi “will”. Kanuni hiyo ni ya “if” ya sharti, ile ambayo kwa Kiswahili ni “-ki-”: akija nitamwambia, “If he comes, I will tell him.” “If” ya swali ni nyingine: sijui kama atakuja, “I don't know if he will come.” Hapo “will” inakaa kihalali. Panapokubali “akija”, ondoa “will”. Panapokubali “kama atakuja”, iache.

“Do you think” ina njia yake

Hapa Kiswahili hakitusaidii, kwa sababu kinatumia umbo lile lile kwa mambo mawili ambayo Kiingereza hakiyachanganyi. Sisi tunasema “Unajua yuko wapi?” na “Unadhani yuko wapi?” kwa mpangilio mmoja. Kiingereza kinasema “Do you know where he is?” lakini “Where do you think he is?” Sentensi “Do you think where he is?” haimo.

Namna ya kuchagua ni kujaribu kujibu “ndiyo”. “Unajua yuko wapi?” Ndiyo, najua. Jibu linakubalika, kwa hiyo neno la kuuliza linabaki ndani. “Unadhani yuko wapi?” Huwezi kujibu “ndiyo, nadhani” ukaeleweka. Basi neno la kuuliza litoke, likae mwanzo kabisa, na upinduzi ufanyike kwenye “do you”. Angalia kwamba hata hapo kupindua ni mara moja: “he is” inabaki imenyooka. Ndivyo zinavyokwenda “believe” na “suppose”.

Kitenzi “say” kinakubali njia zote mbili, na maana inabadilika. “Did he say where he was going?” inauliza kama alitaja. “Where did he say he was going?” inachukulia kwamba alitaja, ila mimi nimesahau au sikusikia. Ukiwa unamtafuta mtu na unazungumza na jirani yake, ya kwanza ndiyo ya haki; ya pili inaweza kumfanya jirani ajione anahojiwa.

Kuripoti swali la jana

“Aliniuliza ninafanya kazi wapi.” Kiswahili kinaacha wakati wa swali kama ulivyotamkwa, ile “-na-” ya “ninafanya”, ingawa kuuliza kulipita. Kiingereza cha shule kinataka wakati urudi nyuma hatua moja: “She asked me where I worked.” “Will” inakuwa “would”, “can” inakuwa “could”, na “tomorrow” inakuwa “the next day”. Kama jambo bado ni kweli leo, msemaji anaweza kuacha wakati uliopo, “She asked me where I work”, na katika mazungumzo hakuna atakayemlaumu. Kwenye karatasi ya mtihani inayosema badili kuwa kauli taarifa, rudisha wakati nyuma.

Usiweke “that” kabla ya neno la kuuliza. “Aliniuliza kwamba ninakaa wapi” husikika sana katika mazungumzo yetu, na kutoka hapo ndipo inapozaliwa “He asked me that where do I live”, sentensi yenye makosa mawili yaliyofuatana. “He asked me where I lived”, basi.

Sasa, lipi litumike wapi?

Mpaka hapa nimeshughulika na usahihi. Lakini mtu anaweza kujua kuunda yote mawili na bado akachagua vibaya, kwa sababu swali la wazi na swali la ndani havina uzito mmoja mbele ya anayeulizwa.

Adabu ya Kiswahili inakaa nje ya swali lenyewe: samahani, shikamoo, habari za kazi, naomba kuuliza. Ukishavipitia hivyo unaweza kuuliza kwa ufupi kabisa, “ofisi ya ardhi iko wapi?”, na hakuna atakayeona umemvunjia heshima. Kiingereza hakina shikamoo. Sehemu kubwa ya adabu yake imo ndani ya muundo wa sentensi, na swali la ndani ndilo linaloibeba. Kwa hiyo anayetafsiri “naomba kuuliza ofisi iko wapi” kuwa “I am asking where is the office” anapoteza mara mbili: mpangilio umeharibika, na ile “I am asking” inasikika kama karani anayedai jibu. Adabu ya “naomba kuuliza” inapatikana kwenye “Could you tell me where the office is?”

Hata hivyo nisingependa msomaji aondoke akidhani kila swali lizungushwe. Fikiria mhudumu wa hoteli ya Nungwi anayehitaji namba ya chumba ili aandike bili. “What's your room number, please?” inatosha, ina heshima, na mgeni ambaye Kiingereza si lugha yake ataielewa mara moja. “May I ask what your room number is?” ni nzuri pia. “May I know what is your room number?”, ambayo husikika mara nyingi, imejaribu kuwa ya adabu lakini imevunjika kiunoni. Kama huna uhakika na umbo la ndani, swali la wazi lenye “please” ni bora kuliko la ndani lililoharibika.

Kuna mahali swali la wazi ndilo pekee linalofaa. Kiongozi wa wageni aliyefika kambi ya Barafu kwenye Kilimanjaro, zaidi ya meta 4,600 juu ya usawa wa bahari, akiona mgeni anayumba, asimwambie “I was wondering if you might have a headache.” Amwulize “Do you have a headache? Did you eat? Can you walk straight?” Ugonjwa wa mwinuko hulegeza akili, na mgonjwa anahitaji sentensi fupi zinazojibika kwa neno moja. Daktari, zimamoto na askari kwenye ajali wanafanya hivyo hivyo.

Swali la ndani linapata thamani yake kamili pale unapogusa mambo ya mtu: umri, mshahara, ndoa, sababu ya kuacha kazi. “How much do you earn?” kwa mtu msiyezoeana ni kama kumwingilia chumbani. “Would you mind telling me how much the position pays?” inamwachia nafasi ya kukataa. Kadiri ombi linavyokuwa zito, ndivyo sentensi ya nje inavyoweza kurefuka. “I was wondering if you could tell me where the toilet is” ni ndefu mno kwa choo. Kwa kumwomba profesa barua ya kukupendekeza, “I was wondering if you would be willing to write me a reference” imekaa pale pale inapotakiwa.

Barua pepe moja, mstari kwa mstari

Huu ni mfano niliouunda kwa kukusanya makosa yanayoonekana mara kwa mara. Mwombaji anakiandikia chuo cha nje:

“I am asking that when will the admission letters be sent. I also want to know if is there any fee which I must pay, and how much is it. Please tell me where can I send my certificates and do I need to translate them.”

Mawazo yake yako wazi na maswali yake ni ya msingi. Tatizo ni kwamba kila swali limeingizwa ndani ya sentensi nyingine bila kunyooshwa. Toa “that”, nyosha “when the admission letters will be sent”, na badala ya “I am asking” weka “I would like to know”. “If is there” inakuwa “whether there is”. Hata “there” huhesabiwa kama kiima na hutangulia. “How much is it” inakuwa “how much it is”. “Where can I send” inakuwa “where I should send”, na “do I need” inahitaji daraja: “whether I need”. Matokeo yake:

“I would like to know when the admission letters will be sent. Could you also tell me whether there is any fee to pay, and how much it is? Please let me know where I should send my certificates and whether I need to have them translated.”

Hiyo ni barua safi. Lakini kama ningekaa karibu na mwombaji huyo, ningempa chaguo jingine:

“I have a few questions about my application. When will the admission letters be sent? Is there any fee to pay, and how much is it? Where should I send my certificates, and do they need to be translated?”

Sentensi ya kwanza imebeba adabu yote, kama “naomba kuuliza” yetu inavyofanya. Baada yake maswali yamesimama wazi, na kupindua kunafuata kanuni za kawaida. Karani wa ofisi ya udahili anaona maswali kwa jicho moja na kuyajibu kwa mfuatano. Maswali yakiwa matatu au zaidi, mimi naipendelea barua hii. Yakiwa moja au mawili, au yakiwa mazito, ile ya kwanza inashinda.

Na wanaopindua kwa haki zao

Ireland watu husema “She asked me did I want tea”, bila “if” na kwa kupindua. Wamarekani wengi weusi husema “I asked him could he come”. Ni Kiingereza kilichokua na kanuni zake, na wenyewe hawakosei. Hapa Afrika Mashariki nako “I don't know where is he” inasikika redioni, ofisini na madarasani, na wasikilizaji wanaelewana bila kukwama.

Kwa hiyo katika mazungumzo na wenzako usijikate ulimi katikati ya sentensi ili kurekebisha “is” moja. Mtihani wa kidato cha nne, IELTS (mtihani wa kimataifa wa Kiingereza), ombi la kazi na barua kwa ofisi ni kesi tofauti, kwa kuwa hapo usahihi unapimwa na anayepima anafuata Kiingereza sanifu. Ukimaliza kuandika, yatafute kwenye karatasi yako maneno “know”, “ask”, “tell”, “wonder” na “understand”. Kila linapofuatwa na “what”, “where”, “when”, “why” au “how”, tazama neno linalofuata baada ya kifurushi cha kuuliza. Ukikuta “is”, “are”, “do”, “does”, “did”, “will” au “can”, lisome tena kwa Kiswahili chenye kirejeshi kabla hujaliacha lipite.